Somo: Namna Tunavyolalamika, Wake kwa Waume



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kila siku, lakini mara chache sana hulifikiri. Tunataka kuzungumza juu ya malalamiko. Hatusemi yale ya kupelekwa mahakamani tu, bali hata yale ya jikoni, ya shambani kwenye mpunga, ya njiani watu wakitoka mnadani. Tumeonelea vema kuliandika kwa kuwa wazee wa kanisa, viongozi wa umoja wa akina mama, na wajumbe wa mabaraza hapa Usevya huketi mara kwa mara kuwasikiliza watu wenye kinyongo, na mara nyingi hukumu hutoka kabla lalamiko lenyewe halijasikika.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa maana lugha yetu hutufichulia mengi. Mwanamume akisema jambo lisilompendeza, twasema, "Ametoa malalamiko yake," au "Anadai haki yake." Mwanamke akisema jambo lile lile, twasema, "Ananung'unika," au, "Mama yule ana mdomo." Mwanamume aliyenyamaza siku tatu huambiwa kwamba ana hasira, mwanamke aliyenyamaza siku tatu huambiwa kwamba amenuna. Basi kabla hatujasikia habari, tayari tumekwisha kuipa jina, na jina hilo ndilo linaloamua tutaketi kusikiliza au tutaendelea na safari yetu.

Sasa tuchukue mfano. Mama Fulani amerudi nyumbani jioni. Anamwambia mumewe: "Baba Fulani, leo nimeamka alfajiri, nikakuta foleni kisimani, mtoto analia mgongoni, nikaenda shamba, ndege wameshuka kwenye mpunga, nikarudi jua limenichoma, na kuni hakuna." Mume anajibu, "Basi kesho amka mapema zaidi, na mtoto mwachie bibi yake." Mama ananyamaza. Mume anashangaa, kwa kuwa yeye aliona ameulizwa swali naye akalijibu vizuri. Lakini mama hakuuliza swali. Alikuwa anangoja neno moja, nalo ni "pole". Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno hili, ambalo si kukubali kosa wala si kutoa dawa. Ni kumwambia mwenzako kwamba mzigo wake umeonekana. Mtaalamu wa lugha wa Marekani, Deborah Tannen, aliandika kitabu mwaka 1990 juu ya mazungumzo ya wanawake na wanaume, na hapo alieleza jambo hili hili: kwamba mara nyingi mwanamke hueleza taabu yake ili apate mwenzake wa kuibeba pamoja naye, na mwanamume huisikia kama kazi aliyopewa aitengeneze. Kwao hawana neno "pole", kwa hiyo aliandika kitabu kizima.

Upande wa pili tumwone Baba Fulani mwenyewe. Ametoka shambani, tembo wameingia usiku na kula mahindi yake, jambo ambalo sisi tunaoishi karibu na Hifadhi ya Katavi hatuhitaji kuelezwa. Ameketi, hasemi neno. Chakula kinaletwa, anakisukuma kando. Amesusa. Mkewe anajiuliza kama mboga imezidi chumvi, au kama kuna maneno yaliyopelekwa na wifi yake. Kumbe mume hana neno lo lote na mboga. Analalamika, lakini analalamika kwa sahani. Tangu utoto ameambiwa kwamba mwanamume halii, na sasa hana mlango wa kutolea uchungu wake ila kunyamaza, kususa, kufoka kwa jambo dogo, au kwenda kilabuni.

Wengine watasema kwamba ndivyo tulivyoumbwa: mwanamke huzunguka, mwanamume hunyoosha. Sisi hatukubaliani na maneno hayo, na sababu yetu twaitoa mbali kidogo, katika kisiwa cha Madagaska. Elinor Ochs, aliyetumia zamani jina la Elinor Keenan, alikaa katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za kisiwa hicho, na mwaka 1974 akachapisha yale aliyoyaona. Huko wanaume ndio wanaozunguka. Mwanamume mwenye heshima hamkabili mtu kwa lawama. Husema kwa mafumbo na hotuba ndefu, na kusema wazi usoni ni aibu kwake. Wanawake ndio husema waziwazi. Wao huenda sokoni kubishana bei, wao humkemea jirani aliyekosa, na mara nyingine mume mwenye kinyongo humwachia mkewe kazi ya kukitoa. Na je, watu wa kijiji kile husema kwamba wanawake wao ni hodari kwa kuwa wananyoosha maneno? La. Husema kwamba wanawake hawajui kusema. Kumbe ile namna ya wanaume, iwe ya kuzunguka au ya kunyoosha, ndiyo inayohesabiwa kuwa ya hekima. Hapo yafaa tutulie kidogo na kufikiri.

Tena hata hapa kwetu kanuni hiyo haisimami sawasawa. Mama mkwe humwambia mke wa mwanawe lo lote alitakalo bila fumbo. Mwanamume huyo huyo anayefoka nyumbani kwake hathubutu kumlalamikia mkwewe uso kwa uso. Humtuma mshenga, na mshenga naye huanza na habari za mvua. Na akina mama wanaouza mchele, kila aliyejaribu kuwapunja kwenye debe anajua kama huzunguka au hawazunguki. Basi jambo kubwa si mwanamke au mwanamume tu, bali ni nani anayemwambia nani, na yule anayesema anaweza kupoteza nini.

Mtu anayeweza kupoteza mengi hutafuta njia ya kusema ambayo anaweza kuikana. Wenzetu wa pwani wameifanya kazi hii kuwa sanaa. Kanga ina maneno yaliyoandikwa karibu na pindo, na mwanamke wa Unguja au Mombasa aweza kuvaa kanga yenye neno kali, akapita mbele ya mke mwenzake au jirani aliyemsengenya. Akiulizwa, atajibu, "Mimi nimenunua nguo tu." Neno limefika, na hakuna wa kumshtaki. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati wanawake waliziweka lawama zao katika nyimbo za kutwanga; mama mkwe akasikia akiwa kivulini, wala asiweze kusema kwamba ametukanwa, maana huo ni wimbo tu. Watani nao hutumia mlango huo huo: utani humpa mtu ruhusa ya kusema kweli akicheka. Hatulaumu njia hizi. Zimelinda amani ya nyumba nyingi. Ila zina hatari yake, kwa sababu lalamiko ambalo msemaji anaweza kulikana, msikiaji pia anaweza kujifanya hakulisikia.

Sasa tufike kwenye baraza, maana hapo ndipo jambo linapokuwa zito.

Mtaalamu mwingine, Susan Hirsch, alikaa katika miaka ya 1980 katika mahakama za Kadhi huko Mombasa na Malindi, nchini Kenya, akisikiliza mashauri ya ndoa ya Waswahili wenzetu wa Kiislamu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1998. Aliona kwamba wanawake walieleza lalamiko lao kwa njia ya hadithi: siku fulani alikuja, nikamwambia hivi, akajibu vile, watoto wakalala njaa. Wanaume hawakusimulia sana. Walitamka: huyu ni mke wangu, hanitii, nimesema. Mwanamke alikuwa katika mtego, kwa maana heshima ilimtaka avumilie na asitoe siri ya nyumba. Na kila alipoeleza vizuri zaidi taabu yake, ndivyo alivyozidi kuonekana mtoa siri. Pamoja na hayo, wanawake ndio walioleta mashauri mengi, na mara nyingi walipata haki yao. Kwa nini? Kwa sababu pale palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuketi na kusikiliza ile hadithi hadi mwisho.

Tuzingatie jambo hili. Mara ngapi katika vikao vyetu tumesikia mzee akimkata mama maneno: "Sema moja kwa moja, usituzungushe, tuna mambo mengi"? Mama alikuwa ameanza na siku ya kupanda, akafika kwenye pesa za mpunga, alikuwa bado hajafika kwenye usiku ule. Amekatwa, amechanganyikiwa, anasema, "Basi, hakuna neno." Kikao kinaandika kwamba hakuna neno. Lakini ndani ya nyumba hakuna shahidi. Mtu aliyeonewa chumbani hana cha kuleta ila mfuatano wa mambo: siku gani, saa ngapi, nani alikuwa mlangoni, mtoto alivaa nini. Hadithi yake ndiyo ushahidi wake. Anayemwambia afupishe amemwambia atupe ushahidi.

Kinyume chake, tumpime mume anayesema kwa sauti ya kutulia, "Mke wangu ana dharau." Maneno matatu tu baada ya jina, na wazee wote wanatikisa kichwa. Lakini amesema nini? Hakutaja tendo hata moja. Mwulizeni: alifanya nini, siku gani, mbele ya nani? Mara nyingine mtaona kwamba kuna jambo la kweli, naye anastahili kusaidiwa, kwa kuwa wapo wanaume wanaoonewa nyumbani na kufa na aibu yao. Mara nyingine mtaona kwamba dharau yenyewe ni kuuliza pesa za mpunga zimekwenda wapi.

Kwamba sisi huamini sauti kuliko habari si dhana tu. Huko Marekani, katika jimbo la North Carolina, William O'Barr na wenzake waliwasikiliza mashahidi mahakamani katika miaka ya 1970. Walikuwa wamesoma kwamba kuna "lugha ya wanawake", yaani kusema kwa kusitasita, "nadhani", "labda", "sijui kama nakosea". Waliyoyaona ni tofauti. Wanaume wanyonge, wasio na kazi ya heshima, nao walisema hivyo hivyo; na mwanamke mwenye elimu na cheo hakusema hivyo. Katika maandishi ya mwaka 1980 O'Barr na Bowman Atkins wakasema kwamba hiyo si lugha ya wanawake, ni lugha ya wasio na nguvu. Kabla ya hapo wenzake walikuwa wamefanya jaribio: ushahidi ule ule, wenye habari zile zile, wakauweka katika kanda kwa namna mbili, moja ya kusitasita na moja ya kujiamini. Waliosikiliza walimwamini zaidi yule aliyesema kwa kujiamini. Habari ilikuwa moja! Tunaomba kila mzee wa kanisa na kila mjumbe wa baraza aukumbuke ushahidi huo kabla hajasema kwamba fulani "anaonekana" mwongo.

Wasomaji wa Biblia mtakuwa mmekwisha kumkumbuka Hana katika 1 Samweli 1. Yeye alilia na kususa chakula. Mumewe Elkana, ambaye alimpenda kweli, akamwuliza kama yeye mwenyewe si bora kwake kuliko watoto kumi. Ni jibu la mtu anayetaka kilio kiishe upesi. Kisha kuhani Eli akamwona midomo inatikisika bila sauti, akamdhania amelewa. Watu wawili wema, na wote wawili hawakusikia. Eli alibadilika pale tu alipomwacha mama aeleze. Na kwa wale wanaofikiri kwamba Biblia inawajua wanawake wa kunong'ona tu, wakasome Hesabu 27, ambapo binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote, wakadai urithi wa baba yao kwa maneno ya wazi, wakapewa.

Turudi nyumbani. Hapa Mpimbwe lalamiko lisilosikika halikai kimya milele. Mtafiti Monique Borgerhoff Mulder, aliyefanya kazi miongoni mwa Wapimbwe tangu miaka ya 1990, aliandika mwaka 2009 kwamba wanaume na wanawake wengi hapa huoa na kuolewa zaidi ya mara moja katika maisha yao, na kwamba ndoa huvunjika mara nyingi kwa mmoja kuondoka tu. Wasioijua sehemu hii huona ni ugeugeu. Sisi twadhani kwamba katika nyumba nyingi kufunga mizigo ni sentensi ya mwisho ya mazungumzo yaliyoanza zamani kwa kuni, kwa maji na kwa pesa za mpunga, na hakuna aliyekuwa anajibu. Wanaobaki kulipa deni la mazungumzo hayo ni watoto, ambao hugawanywa kwa bibi na kwa shangazi.

Na si kuondoka tu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikia miaka 15. Ni wangapi kati yao waliosema waziwazi? Mama mwenye jicho lililovimba husema, "Nimeanguka." Husema, "Siku hizi silali vizuri." Husema, "Nataka niende kwetu nikamwone mama." Hayo yote ni malalamiko yaliyovaa kanga. Kwa wanaume nako kuna kifo ndani ya kimya: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, wanaume waliojiua duniani walikuwa 12.6 katika kila wanaume 100,000, na wanawake 5.4 katika kila wanawake 100,000. Sababu za jambo hilo ni nyingi, lakini hatuwezi kuacha kujiuliza ni wangapi waliokuwa wakisukuma sahani kando kwa miezi mingi.

Basi wanaosikiliza wafanye nini? Kwanza wajue sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake kwa kumwadhibu. Kwa hiyo kipigo si "mambo ya ndani" ya kumwambia mtu avumilie, na mzee anayesema hivyo anasema kinyume cha sheria. Sheria hiyo hiyo inataka mgogoro wa ndoa upite kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kudai talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Yaani serikali yenyewe imeweka masikio mbele ya hukumu. Penye hatari ya maisha, wasuluhishi wasijaribu kusuluhisha. Wampeleke mtu zahanati na polisi, ambako lipo Dawati la Jinsia na Watoto.

Kisha waangalie mahali na watu. Mke hawezi kusema la chumbani mbele ya baba mkwe, mashemeji na mumewe wameketi kwenye viti naye yuko mkekani. Asikilizwe peke yake kwanza, na mama mtu mzima awepo. Mume naye asikilizwe peke yake, tena ikiwezekana na mtu wanayefanya kazi pamoja, wakiwa wanatembea au wanatengeneza jembe, kwa sababu wanaume wengi huweza kusema wakiwa mikono ina kazi na macho hayakutani. Asiulizwe, "Una tatizo gani?" Atajibu, "Sina." Aulizwe habari za shamba, na anayeuliza asiharakishe.

Nyumbani jambo ni dogo zaidi, na labda ni gumu zaidi. Mume anayesikia habari ndefu ya kisima na aulize, "Unataka tufanye jambo, au unanieleza tu?" Swali hilo si la kizungu, bibi zetu waliliuliza kwa kusema "pole" na kungoja. Mke anayeona sahani imesukumwa na asianze na mboga. Na aliye na jambo zito, mke au mume, asilifunge ndani ya habari za kuni hata likapotea humo. Atafute mtu mmoja amwaminiye amwambie kwa jina lake.

Vikundi vitakavyosoma somo hili wiki hii, twawaomba akina mama na akina baba waketi mbalimbali kwa nusu saa ya kwanza, kisha wakutane. Kila upande ujibu: Ni lalamiko gani ambalo umelisema zaidi ya mara tatu mwaka huu na hujaona limesikika? Ulilisema kwa maneno gani hasa? Tena, katika kikao cha mwisho cha usuluhishi mlichohudhuria, nani alisema zaidi, nani alikatwa maneno, na alikuwa amefika wapi katika habari yake alipokatwa? Makatibu wa vikundi waandike majibu bila kutaja majina ya watu, wayalete kwa kasisi, nasi tutayarudia katika toleo lijalo.